Mkono wa Kupiga Godoro

Jumatatu, 3 Machi
Kocha wa kriketi kaja hadi mlangoni. Eti mjukuu wangu ana mkono mzuri, lakini anapiga kama anafyeka majani. Asipokuja mazoezini kila jioni, Jumamosi hatacheza. Mazoezi! Mkono ule kaurithi kwangu. Mtaa huu nani anapiga godoro likatoa vumbi kama mimi? Nilifundishwa na nani? Nikamuuliza na yeye kupumua kajifunza shule gani. Kakuna kichwa, kaondoka. Nimemweza.

Jumanne, 4 Machi
Nimeficha viatu vya mtoto kwenye pipa la unga, asiende huko. Nikamtundikia godoro uani, apige kwa kipaji chake. Kapiga mpaka limepasuka. Godoro langu! Huku analia, eti Bibi, kocha anataka ubao wa kupigia mpira ushuke wima, nami Jumamosi nataka kucheza. Nikamwambia tangu lini godoro likapigwa wima. Jirani, Bi Miwani, kachungulia ukutani kuuliza kama nimekamata mwizi. Mjukuu wake hakosi mazoezi, ndiyo maana kiburi kimempanda.

Jumatano, 5 Machi
Mgongo unaniuma. Nimelala kwenye matambara.
Nimekwenda uwanjani kuwaonyesha. Nikashika ubao, nikamwamuru mjukuu wa Bi Miwani arushe. Akarusha. Nikazungusha kwa nguvu zangu zote. Mpira ukapita, vijiti vitatu nyuma yangu, ambavyo mpigaji huvilinda, vikalala chini, nami nikafuata. Kilemba kule, mimi huku! Kocha kaniuliza kwa upole kama nimeumia. Nikasema jua limeniingia machoni. Kulikuwa na mawingu.

Ijumaa, 7 Machi
Pipani hamna viatu. Nyayo za unga zimetoka jikoni hadi barabarani, kama za mzimu. Nikazifuata mpaka uwanjani. Mtoto yuko pale na kocha, anashusha ubao wima, tena na tena, jasho linamtiririka. Na aliyemtolea viatu ni mama yake, binti yangu mwenyewe! Nikafoka. Binti kaniambia Mama, mwache mtoto, asije akakosa nafasi kwa ubishi wako. Nimenuna. Chakula cha jioni nimekula kwa hasira, sahani mbili.

Jumamosi, 8 Machi
Kacheza! Mrushaji wa wapinzani alikuwa jitu la miguu mirefu. Mtoto kashusha ubao wima, mpira ukafa miguuni pake. Tena. Tena. Mimi nimefunika macho, nachungulia kati ya vidole. Kisha akaupiga mmoja ukavuka mpaka wa uwanja! Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Timu imeshinda. Kanikimbilia akisema Bibi, umeona mazoezi? Nikamwambia nimeona damu yangu. Kocha kasikia, kainamisha uso. Maskini, mtu mzima hajui kipaji akikiona.

Jioni kitukuu wangu, mtoto wa dada mkubwa wa mchezaji wetu, hata meno hajamaliza kuota, kanirushia kijiko, kikanipiga puani! Katikati kabisa! Huyo ni mrushaji wa kuzaliwa. Nimeshamwonya mama yake: mtu yeyote asithubutu kumfundisha.