Sufuria Inayomjua Mwizi

Ijumaa, 7 Novemba
Kanga ya marehemu mke wangu haipo! Jana, ulipotimia mwaka wa tatu tangu tumzike Mwanamkuu, niliitoa sandukuni niinuse. Haijawahi kufuliwa. Bado ina harufu yake, udi na tui la nazi. Niliiacha ndani ya mfuko, chini ya kitanda. Leo narudi lindoni, mfuko hakuna. Chumba hiki cha Al Wakrah, huku ughaibuni, tunalala watatu: mimi, Shabani dereva, na Augustine, mlinzi mwenzangu kutoka Kisumu. Basi mwizi ni mmoja wa hao wawili. Shabani alitaka kuniambia jambo. Nikamnyamazisha. Nilikuwa nafikiri.

Jumamosi, 8
Raghavan, Mhindi ninayelinda naye geti, ana hadithi za kwao za kunasa waongo. Katika moja, hakimu anagawa vijiti vya urefu sawa, anasema cha mwizi kitarefuka kidole kimoja kufikia asubuhi. Mwizi, kwa hofu, anakikata chake. Maana yake: mwongo hujisaliti mwenyewe. (Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, naeleza vizuri.) Nimegawa njiti za ufagio. Shabani kaanza tena: shikamoo Mwalimu, nina neno. Nikamwambia maneno baada ya vijiti.

Jumapili, 9
Cha Shabani kiko vilevile. Cha Augustine kimerefuka shibiri nzima! Kachomoa kingine ufagioni, kisha kapiga magoti: ati Mwalimu nifunge pingu, lakini ngoja kwanza wali uive. Hana adabu.

Jumanne, 11
Hadithi ya pili: sufuria inayolia ikiguswa na mwizi. Nimeipaka dawa nyeusi ya viatu, nikaiweka kabatini gizani. Asiye na hatia ataishika bila wasiwasi. Mwizi ataogopa, atatoka na mkono msafi. Augustine katoka mweusi hadi kiwiko, akauliza leo tutapikia wapi. Shabani katoka msafi. Nikapiga kelele: mwizi!

Akaitoa kanga chini ya mto wake. Imefuliwa, imepigwa pasi, inanukia maua ya sabuni. Ijumaa ilikuwa zamu yake ya kufulia chumba kizima, na kwetu mfuko ulio chini ya kitanda ni nguo chafu. Sheria hiyo niliitunga mimi. Aliponiona naitafuta alitaka kuniomba radhi palepale. Ati mimi ndiye niliyemwambia asubiri vijiti.

Nimeinusa pembe zote nne. Nimeinusa na pindo. Hakuna.

Ijumaa, 14
Shabani amehamia Al Wukair. Hakuniaga. Augustine anasema, Mwalimu, si umpigie tu umwambie samahani, hiyo ni dakika moja. Namba ninayo. Lakini kwa simu utaujuaje moyo wa mtu? Raghavan kanipa hadithi ya mfalme aliyejilaza kitandani kama mgonjwa, ili ajue nani anampenda kweli. Nimemwomba Augustine ampigie Shabani, amwambie nimelazwa. Amekataa katakata.

Sawa. Nitapiga mwenyewe, kwa sauti ya daktari.