Nilikuwa Hai Siku ya Mahari

Nyarero, Tarime

Mganga Mfawidhi,

Shikamoo. Kama nimekuzidi umri, ipokee hivyo hivyo, ni heshima ya koti jeupe.

Mimi ni Elia Ryoba, yule aliyeanguka mara mbili kwenye josho la ng'ombe. Mlinibandika waya kifuani na kikasha cha kupima mapigo ya moyo, mkaniambia nishinde nacho na niishi kama kawaida. Nimeishi. Sasa karatasi yenu ya majibu inasema tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri moyo wangu haukudunda hata mara moja. Jamani! Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Saa hizo nilikuwa nyumbani na wakwe kutoka Ikoma, tukipatana mahari ya binti yangu Agustina. Walileta dume kongwe lisilo na meno, nikalikataa, nikadai mtamba mwenye mimba, nikapewa. Maiti gani anajua kuchagua mtamba?

2. Nilikula ugali wa muhogo sahani mbili. Mke wangu Waisiko ni shahidi, na bado amenuna kwa ile ya pili.

3. Msemaji wao, mzee Nikolaus, kasikia habari ya karatasi hiyo mnadani. Kwa kuwa mtamba yule bado anamuuma, ametuma ujumbe: "Sisi hatupatani na marehemu. Tutaongea upya na mjane." Mjane mwenyewe ni Waisiko, na ameshaazima kitenge cheusi.

4. Harusi ni Jumamosi ijayo na sasa imesimama. Agustina analia kwamba hataolewa, na mimi marehemu ndiye ninayemfuta machozi. Hili linaniuma kweli.

Naomba barua yenye mhuri kwamba siku ile nilikuwa hai, hasa saa nne hadi saa tisa. Mkishindwa, njooni mnizike wenyewe, na ng'ombe wa matanga mtoe nyinyi.

Wasalimie manesi wote, zaidi yule aliyeninyoa kifua kwa huruma.

Ndimi, ninayepumua,
Elia Ryoba

N.B. Waisiko ameisoma barua hii, anasema haiendi popote mpaka niongeze jambo dogo. Wakwe walipoona waya waliuliza ni nini. Baba wa bibi harusi hawezi kusema anaumwa, nikawaambia ni kinasa sauti, asije mtu akakana ahadi. Ili waamini, nilibandua waya zote nikakiweka kikasha mezani, kikiwatazama wao. Nilizibandika tena walipoondoka, saa tisa. Kama jambo hilo limeathiri kipimo, nijulishe. Na tafadhali nibandikeni tena Jumatatu, maana jana nimeanguka mara ya tatu.