Mnunuzi wa Akiba na Kaburi la Ruring'u

Jumatatu, 3 Machi 2025

Tumepata nyumba Ruring'u. Yaani, karibu tuipate. Sisi ni wa pili.

Shiku aliipenda alipoingia jikoni. Madirisha mawili, moja la jua la asubuhi, moja la jioni. Miaka kumi na mmoja mke wangu ameshona sare za shule katika chumba cha kupanga ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Alisimama katikati ya jiko lile akigeukia dirisha moja, kisha lingine, kisha tena la kwanza.

Shida ni kwamba kuna mtu ametutangulia kutia sahihi. Wakili Njoki alitueleza polepole, akinitazama mimi zaidi, sijui kwa nini. Huyo wa kwanza ana siku tisini za kutafuta pesa. Mama Watiri, mwenye nyumba, hawezi kumfukuza eti kwa sababu sisi tumempendeza zaidi. Lakini akishindwa au akijitoa, nyumba inatujia sisi kwa bei tuliyoandika, bila mnada mpya, na tunapewa siku saba kutia sahihi mkataba wenyewe. Akifaulu, tunarudishiwa pesa zetu na kwenda zetu. Sisi ni wanunuzi wa akiba, kama mchezaji aliyekaa kwenye benchi.

Nikauliza kazi ya mnunuzi wa akiba ni ipi hasa. Akasema ni kusubiri.

Kusubiri! Mimi nauza matangi ya maji. Ukisubiri katika kazi hiyo, mvua inanyesha na mteja ameshanunua kwingine.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemjua. Anaitwa Kinuthia, muuza mayai, mtu wa Murang'a. Nilikaa karibu na lango la Mama Watiri nikijifanya napima mahali pa kuweka tangi. Akaja na futi yake, akapima sebule, akaondoka akipiga mluzi. Anapiga mluzi katika nyumba ya Shiku!

Mpango: aogope mwenyewe. Sitamgusa wala kumsemesha. Mtu wa huku ukimwuzia ploti yenye mawe, yenye mteremko, yenye kesi kortini, atabishana bei tu. Mwambie kuna mtu amezikwa hapo, hata chai haimalizi. Na nyuma ya nyumba ile kuna mti wa ovakado wenye tuta dogo la udongo chini yake. Nalishukuru tuta.

Jumamosi, 8 Machi

Kinuthia hunyolewa kwa Hamdan, karibu na soko. Niliingia nikamkuta kitini, kitambaa cha moto usoni. Nilimtambua kwa tumbo lake na viatu vyake. Nikamwambia Hamdan kwa ile sauti ya siri inayofika barabarani kwamba nyumba ya Mama Watiri ni nzuri, ila eti chini ya ovakado kuna guka, babu wa watu, amelala, hana jiwe wala jina. Hamdan akasema yeye habebi maneno ya watu. Nikamwambia ndiyo maana nimemwambia yeye.

Kitambaa kikatolewa. Hakuwa Kinuthia. Alikuwa Mzee Theuri wa kanisa letu, mume wa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Akanipungia mkono.

Haidhuru. Nyeri ni ndogo. Yatamfikia Kinuthia.

Jumatano, 12 Machi

Maneno yanatembea. Sokoni wanasema wamezikwa wawili. Kwa muuza makaa wamekuwa watatu, na mmoja ni mzungu. Mama mmoja kwenye foleni ya benki ameniapia kwamba ovakado za mti ule hazina mbegu. Nilishtuka kidogo, kisha nikakumbuka aliyeanza ni mimi.

Shiku hajasikia. Ana sare mia mbili za kumaliza.

Jumatatu, 17 Machi

Amejitoa! Wakili Njoki amepiga simu. Mnunuzi wa kwanza amejiondoa kwa maandishi, kuanzia leo wa kwanza ni sisi, tuna mpaka Jumatatu saa kumi jioni. Nilimwuliza kama ametaja sababu. Akasema habari za mtu mwingine si zangu. Nikacheka peke yangu dukani mpaka mteja akatoka. Nimenunua nyama kilo mbili.

Jumanne, 18 Machi

Shiku hatii sahihi. Na mkopo unatoka kwenye Sacco yake, kwa hivyo bila sahihi yake mimi sina nyumba, nina kalamu tu.

Amesikia jana kwenye kikundi. Mke wa Theuri aliwaomba wamwombee dada mmoja anayetaka kuhamia juu ya maiti watatu. Dada mwenyewe alikuwa ameketi pale na kikombe cha chai. "Baba Mwai, mimi siwezi pikia watoto nikiona kaburi kwa dirisha," aliniambia. "Tena dirisha zote mbili." Kisha akalia. Katika ndoa yetu hii ni mara ya pili namwona akilia. Moyo uliniuma kweli.

Nikaungama. Nikamwambia hakuna kaburi, nililitunga mimi. Akapangusa macho, akaniuliza mtu aliyedanganya Nyeri nzima kwa siku kumi ataaminiwaje siku ile anayotaka sahihi. Swali zuri.

Jumamosi, 22 Machi

Jembe halisemi uongo, kwa hivyo niliamua kulichimba lile tuta mbele ya Shiku. Mama Watiri alikuwa Nanyuki kwa binti yake, anakohamia. Ningemwomba ruhusa angeuliza sababu, kwa hivyo sikumwomba. Jirani mwenye ufunguo alitufungulia. Shiku alisimama kwenye mlango wa jikoni, amekunja mikono. Jirani akaita jirani. Kufikia saa tano watu kama thelathini walikuwa wakichungulia juu ya ua, nikawahutubia kidogo kwamba leo watashuhudia hapa hapana kitu.

Futi moja, hapana kitu. Futi mbili, hapana kitu. Futi tatu, mfupa.

Nilirudisha udongo haraka, lakini Shiku alikuwa ameshauona, na wale thelathini walikuwa wameshafika barabarani.

Jioni nikampigia Mama Watiri. Ni mbwa wake, alikufa miaka sita iliyopita. Alimzika mwenyewe, amemfunga kwa blanketi. Aliniuliza kwa uchungu ni nani aliyenituma kumfukua, nami nikaona aibu. Shiku alikuwa anasikiliza yote. Akasema, "Na ni mbwa gani anazikwa na blanketi?"

Jumatatu, 24 Machi

Saa kumi imepita. Nilikaa ofisini kwa wakili tangu asubuhi. Shiku hakuja.

Kinuthia alipita kuchukua karatasi zake. Nikampa pole kwa habari za kaburi. Akauliza kaburi gani. Benki ilimnyima mkopo tangu tarehe saba, siku moja kabla sijaingia kwa kinyozi. Barua yake tu ndiyo iliyochelewa. Kumbe hata ningelala wiki mbili mfululizo, nyumba ingekuja kwetu.

Haikukaa bila mtu. Kulikuwa na wa tatu nyuma yetu, nami sikujua. Ni Hamdan. Siku ile niliyomnong'oneza alimpigia Mama Watiri simu na kumwuliza kama kuna kaburi. Akaambiwa ni la mbwa. Akampa pole, akaomba aandikwe nyuma yetu, akasubiri. Saa kumi na dakika tano ametia sahihi. Alinisalimia kwa heshima. Mkewe Samiha ameshapima madirisha ya jikoni apate kuweka mapazia.

Nilimweleza Shiku. Akasema sawa, akarudi kwenye cherehani. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 4 Aprili

Shiku ametafuta nyumba mwenyewe, King'ong'o. Dirisha la jikoni ni moja, lakini kubwa. Hakuna mtu mbele yetu. Sahihi zote zipo. Kimebaki kitu kimoja, mkaguzi wa Sacco aione nyumba ndipo mkopo utoke. Juzi nilimsikia Shiku akiimba. Amenikataza kufanya lolote, nami nimekubali kwa moyo wote.

Lakini sisi tukiwa wa kwanza, kuna wa pili. Wakili Njoki amekiri yupo, jina hataki kulitaja. Mtu huyo yuko mahali fulani hapa Nyeri, anatuombea mabaya. Watu wengine hawana haya kabisa.

Leo asubuhi nimempata. Alikuwa akizunguka nyumba yetu na daftari, beji shingoni, anagongagonga ukuta. Nikamsogelea kirafiki. Nikamwambia kwa siri kwamba chini ya jiko lile kuna chemchemi, kwamba nyumba inazama kidogo kidogo, kwamba kwa ushauri wangu asiweke hata shilingi moja. Akaniuliza nina hakika gani. Nikamwambia nina hakika, kwa sababu ninayeinunua ni mimi.

Akaandika hata hilo.