Ugonjwa wa Spika

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimemmwagia mwanangu maji. Ndoo nzima!

Nilikuwa kwenye cherehani, nashona mapazia ya mteja. Nikasikia chumbani kwa binti mlio kama bati linaburutwa kwenye sakafu ya saruji, halafu kama kuku wote wa mtaa wameona mwewe. Nikajua umeme umewasha nyumba moto. Nikabeba ndoo, nikapiga mlango teke, nikarusha.

Hakuna moto. Binti kaketi chini, macho kafumba, anatabasamu. Spika yake kaiweka kitini kama mgeni. Spika haikupata tone. Yeye kalowa mpaka soksi.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Kasema taratibu, mama, huu ni muziki. Eti unaitwa muziki wa kelele, una watu wake, na Jumamosi atapanda jukwaani kuupiga. Nikasema vizuri mwanangu. Nilisema kama mtu anayepewa habari za msiba.

Jumanne, 10 Juni

Wifi kaja. Dada wa marehemu mume wangu. Marashi yaliingia kwanza, yeye akafuata.

Kasema binti ana kipaji na hapa kwangu kinabanwa. Kwake kuna chumba cha nyuma, kuta nene, apige kelele atakavyo, ahamie hata wiki ijayo. Kasema yeye mambo haya anayaelewa. Juzi alikwenda ukumbini kumsikiliza mpiga piano wa kisasa, yule bwana akafunua piano akaanza kuzikwaruza nyuzi za ndani kwa kijiko, na yeye wifi akalia machozi. Alilia! Mwanamke ambaye hakulia kwenye mazishi ya kaka yake kwa kuogopa kuharibu wanja!

Kisha kanigeukia. Wifi, wewe ukiusikiliza unasikia nini? Nikamjibu nasikia vizuri tu, masikio yangu mazima. Kacheka mpaka bangili zikagongana.

Binti kamwambia shangazi yake atampa jibu Jumamosi baada ya onyesho. Mbele yangu!

Nimeapa. Nitaupenda muziki huu kabla ya Jumamosi hata kama utanitoa damu.

Jumatano, 11 Juni

Umenitoa damu.

Nilimwomba binti hedifoni na nyimbo zake, nikamwambia nataka kujifunza. Aliniangalia kwa muda. Nadhani alifurahi. Au alikuwa anapiga chafya.

Nikaanza na panki, ule muziki wa mayowe, wimbo wa rafiki yake Msumari, yule aliyenyoa kichwa upande mmoja. Ulikwisha sijamaliza kutunga uzi kwenye sindano. Amekasirika sana yule Msumari. Nilitaka tu kumwuliza kama amekula.

Kisha piano. Kimya. Kimya. Nikasema hedifoni imekufa, nikaigonga mezani, nikafungua sauti mpaka mwisho. Ndipo mpigaji naye akaamka! Sindano ikazama kidoleni. Na mkono wa shati la mteja nimeushona kwenye mfuko.

Mwisho nikasikiliza wa mwanangu. Huo niliumaliza. Ndani ya ule mngurumo kuna sauti ndogo nyembamba, kama mtoto anaimba ndani ya pipa. Nilitaka kuisikia vizuri. Nikaiona taabu iliko: spika inakoroma! Nikaenda kuichungulia: imepasuka moyo, ile karatasi ya ndani inayotikisika, na waya wake unacheza. Maskini mwanangu, anahangaika na kitu kibovu na hasemi. Shangazi mtu hajaliona hilo. Mama kaliona.

Kesho binti ana kazi dukani mpaka jioni. Nina mpango.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi nimeifunga spika kwenye khanga nikampelekea fundi redio. Kaifungua, kaguna, kasema mama, hii ni maiti. Kabadilisha moyo wote, kachomelea waya, kafuta vumbi. Akaijaribu kwa kwaya. Safi! Unasikia mpaka waimbaji wanavyovuta pumzi. Nikaishonea na kitambaa cha kuifunika, chenye maua.

Jioni nikamkalisha binti, nikamwambia afunue.

Kaiwasha. Kachomeka vidude vyake vya kupindua sauti. Ikatoa mlio laini kama filimbi. Kagusa huku, kagusa kule. Filimbi.

Kasema ule mkoromo ndio ulikuwa muziki wenyewe. Aliutafuta mwaka mzima, akiulegeza waya unywele kwa unywele. Kauliza moyo wa zamani uko wapi. Nikasema fundi kautupa.

Nikamsikia sebuleni anampigia shangazi yake simu, sauti ya chini. Kisha akaanza kukunja nguo. Anakunja vizuri. Nilimfundisha mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimerudi kwa fundi kumwomba airudishie spika ugonjwa wake.

Kakasirika. Kasema tangu aanze kazi hajapata kuombwa aharibu alichotengeneza, jina lake liko kwenye kibao pale nje, na kama nina deni na mtu nisimtumie yeye kulipiza. Nikamsihi. Nikamwigizia mlio wenyewe, krrrrr, hapo hapo barazani. Wateja wawili wakaondoka. Moyo wa zamani kumbe kauchoma moto pamoja na takataka.

Basi nikaitibu mwenyewe. Binti alipokuwa anaoga nikaidunga spika sindano nne za cherehani. Filimbi. Nikaimwagia maji ya chumvi kijiko kimoja. Ikatoa pu! na moshi mwembamba, ikanyamaza kabisa. Sasa kweli ni maiti.

Nimeifunika na kile kitambaa cha maua. Kesho ndiyo Jumamosi. Begi lake liko mlangoni.

Jumapili, 15 Juni

Jana sikuandika. Vidole vilikuwa havishiki kalamu.

Asubuhi binti aliikuta spika imekufa. Aliketi juu ya begi lake, kidevu mkononi, anamsubiri Msumari ili amwambie kuwa yeye leo hapigi. Mimi nikiogopa mikono yangu hutafuta kazi. Nikakaa kwenye cherehani nikakanyaga. Mkanda umekwisha, gurudumu halijaona mafuta tangu zamani, ikalia vile inavyolia siku zote. Nikasema samahani mwanangu, naacha sasa hivi.

Akainua kichwa. Mama, rudia.

Nikarudia. Mama, polepole. Nikaenda polepole, chuma kikalia kama mlango wa jela. Mama, haraka! Msumari akaingia, akasimama mlangoni mdomo wazi, kasahau hata shikamoo. Mara wote wawili wanaibeba cherehani yangu nje kama jeneza. Mimi nyuma na kiti.

Ukumbini binti akaifunga vinasa sauti kwa kamba, akajaribu kuikanyaga mwenyewe. Uzi ukakatika. Tena. Ukakatika. Inataka mguu unaoijua. Basi nikapandishwa jukwaani, mimi, na ndara zangu! Wifi mstari wa mbele na leso tayari mkononi. Nikaona bora nifanye kazi, nikashika pazia la mteja nikaanza pindo.

Mungu wangu, mlio ule! Ulitoka kwenye maspika makubwa kama treni inazaa. Binti anazungusha vidude vyake, Msumari anapiga mayowe, mimi nanyoosha pindo. Na humo ndani nikaisikia ile sauti nyembamba, ya mtoto kwenye pipa. Binti aliisikia pia. Tulitazamana.

Nilipokata uzi watu wakasimama, wakapiga makofi. Nikawainulia pindo waone. Wakazidi.

Wifi alikuja na wanja umemtiririka mashavuni. Kauliza basi, mwanangu, gari liko nje, tunakwenda? Binti kasema asante shangazi, lakini kwako hakuna cherehani.

Begi nimelifungua mwenyewe. Nguo nimezikunja upya, ijapokuwa hazikuhitaji.

Ijumaa, 20 Juni

Kesho tunapiga tena. Ukumbi mkubwa zaidi, watu wametoka mbali kuja kuisikia cherehani. Binti hajalala vizuri wiki nzima. Leo kanishika mabega kabla ya kwenda kazini, kaniapisha: mama, usiguse spika, usiguse waya, usiguse vidude vyangu.

Sijagusa. Mimi ni mtu wa kiapo.

Ila cherehani ni yangu. Na kwenda mbele ya watu wote hao na chombo kinacholia njaa hivyo, aibu ni ya nani? Ya mama. Nimenunua mkanda mpya. Nimeifungua yote, nimeitoa kutu kwa mswaki, nimeitia mafuta kila tundu mpaka yakadondoka. Nimeikanyaga. Kimya! Inateleza tu, husikii hata pumzi yake.

Nimeifunika na kitambaa cha maua. Nasikia ufunguo mlangoni. Atafurahi huyo!