Pikipiki ya Kampuni na Pikipiki ya Tata Kyungu

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 8 mwezi wa tatu, 1993

Leo mambo mbili, yote mubaya.

Ya kwanza: Kampuni ya mgodi imemufukuza mutoto yangu Stany mu ekipe, kundi yabo ya mashindano. Miaka kumi na saba anakimbiza pikipiki yabo! Bikombe ya ushindi bimejaa ku kabati, sina tena fasi ya kutia sahani. Asubui Tata Mukalay, chef wa ekipe, alimuita, asema amri imetoka juu, Bakasai barudi kwabo Kasai, Mukasai hapandi tena pikipiki ya Kampuni. Stany akamuuliza kama pikipiki ilikuwa inajua kabila yake. Tata Mukalay hakucheka. Ile pikipiki mupya, nyekundu, balimupa nani? Mwenze! Mutoto ya Adolphine wa nyumba ya pili! Mi nilimusafisha huyu matako akiwa mudogo, na leo hayo matako yanakaa mu kiti ya mutoto yangu.

Ya pili: Dodo alifika na kundi yake. Dodo huyu huyu aliyekuwa anauza karanga mbele ya siniema. Sasa yeye njo mukubwa wa bavijana ya avenue yetu, anatembea na fimbo. Asema nyumba iwe wazi kabisa mbele siku ya Mungu, siku ya misa, ifike; gare ya tren iko pale, turudi kwetu. Nikamwambia kwetu ni wapi? Mi nilizaliwa hapa Kolwezi, ku maternité ya Kampuni. Kasai naijua paka mu nyimbo tu. Bwana yangu amelala mu makaburi ya hapa. Na Dodo pia akasema ni amri.

Halafu akaona bikombe. Akajikuna kichwa. Akauliza kama Stany atakimbia siku ya Mungu na ba Likasi, ile ekipe ya muji ya Likasi. Nikasema atakimbia, ulifikiri nini? Bongo, uongo mutupu, lakini ilitoka muzuri.

Bakaenda kusemezana ku mulango. Dodo akarudi, sauti chini:

“Mama Stany, akibapiga ba Likasi, akifika wa kwanza, hakuna mutu atagusa hii nyumba mpaka finale ya Lubumbashi, mbio ya mwisho, kisha ya Pasaka; kule tutamuhitaji. Asipofika wa kwanza, kesho yake muko ku gare.”

Miaka yote namulomba Mungu mutoto yangu aache pikipiki. Ana makumi ine na moja! Mugongo anaufunga na mupira ya ndani ya gurudumu juu usipasuke! Leo nilimulomba Mungu asahau maombi yote ya zamani. Sijui kama ananisikia, nilikuwa ninalia sana.

Siku ya pili, tarehe 9

Tata Kyungu alikuja. Muchuruzi wa samaki ya chumvi na unga, na yeye ana ekipe, kama ile tunaweza kuita ekipe. Kampuni inanunua pikipiki mupya. Ikichoka, inamuuzishia Tata Kyungu. Ikichoka tena, mbuzi zinalala juu yake. Kipande ya kubadilisha ikifika kutoka Ulaya, Kampuni inachagua, Tata Kyungu anapata ile iliyobaki. Mekanisye yake ni shemeji yake, fundi wa mashini ya kushona. Ku mashindano yote bantu yake banakula vumbi ya Kampuni.

Alikuja na moyo muzuri. Asema Stany apande kwake. Stany akasema aksanti, lakini yeye si mutu wa kula makombo, ni heri aache kabisa. Akaenda kulala, uso ku ukuta. Muzee muzima!

Nikamuambia ku gare bantu banalala mu mvua, banafunika batoto na meza, na yeye anachagua pikipiki sawa vile anachagua bibi arusi. Akavuta blanketi ku kichwa.

Basi nikakamata jogoo yangu, ya mwisho, nikaenda kwa Tata Mukalay. Bibi yake akaipika pale pale. Balinipa shingo. Tata Mukalay akakula, akasema amri ni amri. Halafu akiwa ananyonya mufupa, akasema Mwenze hajakomaa, na ba Likasi bakishinda, yeye mwenyewe chef pia Kampuni itamuondosha. Akaangalia dirishani, asema: “Mama, mu kaske hatuoni uso ya mutu. Mi sitaona kitu.”

Nikaaga. Ile kaske, ile kofia ngumu ya kukimbilia, inafunika uso yote! Mbele nifike ku nyumba, mpango ilikuwa imezaliwa, na meno juu.

Siku ya tatu, tarehe 10

Nilienda kwa Adolphine. Hatukusalimiana tangu Noeli, juu ya sufuria yangu aliyoazima akairudisha na kifuniko ya mutu mwengine. Nilimukuta analia. Mwenze alianguka mu mazoezi. Asema ile nyekundu ina nguvu ya wazimu, inamutupa mutoto sawa punda. Kama tu angepata pikipiki ya polepole!

Mungu wangu, aksanti.

Nikamueleza. Siku ya Mungu batoto banabadilisha kaske na koti. Stany anavaa ya Mwenze, anapanda ya Kampuni, anabapiga ba Likasi. Mwenze anavaa ya Stany, anapanda kachakavu ka Tata Kyungu, anakuja nyuma polepole, hakuna mufupa inavunjika. Adolphine akapanguza machozi. Akauliza kikombe itabaki kwa nani. Nikasema tutaangalia. Akakubali mbio mbio, akanirudishia na kifuniko yangu.

Ile kifuniko, na ile mbio mbio, ilitaka kunishtua. Nikaikamata, nikaenda.

Nikarudi, kitanda mutupu. Nikamukuta Stany mu karakana ya Tata Kyungu, mafuta mpaka ku kiwiko, anaimba! Amekubali! Asema karbiratere, fasi petroli inapita, ilikuwa na muchanga, ni ile tu. Asema kwa Kampuni machef balikuwa banamuambia kila mara apitishe mutoto ya ndugu ya nani, na Tata Kyungu alimuambia paka akule mbio tu mpaka ashibe. Asema ile nyekundu ina nguvu lakini hii inasikia mutu.

Pikipiki kusikia mutu! Mutoto yangu mwenyewe hanisikii.

Sikubisha. Muzuri jina yake iandikwe kwa Tata Kyungu, mpango inaitaka vile. Dodo nitamuambia kesho. Ni neno moja tu.

Siku ya tano, tarehe 12

Ba Mbuyi, majirani, Bakasai kama sisi, bameondoka asubui. Bamebeba hata mulango ya nyumba. Mama Mbuyi aliniambia hawezi kubaachia hata mulango. Nilimusindikiza mpaka barabara kubwa, sikujua niseme nini, nikamutilia maandazi mu kikwembe yake ya kujifunga.

Jana nilimutafuta Dodo, balisema ameenda Mutshatsha, atarudi siku ya Mungu.

Magaribi nilimuambia Stany mpango. Akakasirika mpaka mugongo ikamushika. Asema pikipiki yake iko tayari, jina yake iko tayari, anataka nini tena? Nikasema: ya Kampuni ni ya Kampuni. Mutu anaacha nyama ya mwaka huu anakula ya mwaka jana? Halafu akauliza kitu moja:

“Dodo anajua?”

Nikasema anajua. Bongo, lakini ya siku mbili tu.

Bado akakataa. Basi nikashika kifua, nikakaa chini polepole, nikasema nilitaka paka kumuona tu mara ya mwisho juu ya pikipiki ya muzuri mbele nikufe. Alileta maji akikimbia. Alikubali mbele nikunywe.

Kifua iko muzima, Mungu asifiwe.

Posho, tarehe 13

Siku ya posho, na posho haiko. Zamani siku hii Kampuni ilikuwa inatugawia unga, mafuta, samaki. Leo inagawa amri.

Ba Likasi bamefika na lori, banono, banacheka cheka. Adui ya mutoto yangu hata mmoja hajakonda!

Stany ameshinda mu karakana, anaitengeneza ile ya Tata Kyungu. Nikamuuliza juu ya nini, si Mwenze njo ataipanda? Asema hawezi kupandisha mutoto ya mutu juu ya kitu isiyo na freni ya kuisimamisha. Nikamuambia asiitengeneze sana. Akashika tena spana.

Siku ya Mungu, tarehe 14

Nitaandika yote vile ilikuwa.

Bantu balijaa juu ya kilima ya udongo ya mgodi. Dodo alichelewa. Nilimuona mbali, bavijana bamemuzunguka, sikupata njia. Nikasema nitamuambia kisha.

Mi na Adolphine tulisimamisha kikwembe nyuma ya lori ya maji, batoto bakabadilisha. Tata Mukalay alipita pale pale. Akaangalia mawingu. Tata Kyungu alikuwa juu, anauza samaki, hakuona kitu.

Bakaenda! Ile nyekundu, na Stany wangu ndani, ikatoka mbele. Ba Likasi nyuma yake, balikuwa bantu bane. Mu kona ya pili babili bakagongana, bakalala mu matope, mi nikaruka sawa kasichana. Halafu nikaona kitu inakuja kutoka nyuma. Ya Tata Kyungu! Inaruka! Mwenze ameishika tu, haiongozi, inamupeleka. Ikapita Mulikasi wa tatu. Ikapita wa ine. Adolphine anaita polepole, polepole, mpaka sauti ikakauka. Bakafika ku mustari pamoja: nyekundu mbele kwa kipande ya gurudumu, ya Tata Kyungu ya pili.

Bakashuka mbio nyuma ya lori ya maji kama nilivyobaambia. Kikwembe juu, kaske huku, kaske kule. Tulibadilisha upesi, hata mi nilijisifu. Bantu bakafika, bakamukuta Mwenze na kaske yake ku mukono. Bakamubeba mu mabega. Mwenze! Mwenze! Kilima yote, Mwenze!

Njo pale nilielewa.

Wiki nzima nilifikiri pikipiki. Sikufikiri jina.

Dodo alikuja. Asema pole, muzee amechoka, lakini wa pili ni wa pili. Nikamuvuta kando nikamuambia kweli yote, na kikwembe, na lori ya maji. Alicheka mpaka akashika fimbo juu asianguke. Asema: “Mama, tangu asubui we ni mama wa tatu ananiambia mutoto yake njo alikuwa mu kaske.”

Nikamukimbilia Tata Mukalay anishuhudie. Asema: “Nilikuambia sitaona kitu. Na kweli, sikuona.” Jogoo yangu!

Mwenze alitaka kusema. Nilimuona anafungua kinywa. Adolphine akamufinya. Adolphine hakuniangalia, aliangalia biatu yake.

Stany hakupiga kelele. Heri angepiga. Tukiwa njiani aliniuliza tu kama kweli Dodo alijua. Nikaanza kushika kifua, akasema hapana Mama, si leo. Tukatembea. Halafu akasema, polepole, sawa mutu anaongea na pikipiki:

“Ile ya Tata Kyungu njo ilikuwa na mbio. Ningefika mbele nayo, na jina yangu.”

Siku ya pili, tarehe 16

Ku gare. Jana asubui, mbele ya kuja, tulipita ku makaburi. Nilimueleza bwana yangu kila kitu, isipokuwa ile ya kaske. Stany alisafisha majani. Dodo alitungojea mbali, alitoa kofia. Halafu akatubebea mizigo. Ananifukuza, na ananibebea godoro! Nikasahau, nikamuambia aksanti mutoto yangu. Ile aksanti bado inaniuma.

Bantu ni mingi kupita mahindi. Tren haiko. Tata Kyungu alituletea hema ya lori na mufuko ya samaki. Tulimueleza yote, hakukasirika juu ya kaske. Asema mara ya kwanza pikipiki yake inafika ya pili, na hata haikuwa mutu yake! Akacheka, halafu akajipanguza macho na samaki mu mukono.

Magaribi Mwenze akaja na mufuko ya unga. Ndani ya unga, kikombe. Akamupa Stany. Asema anataka kutoka kwa Kampuni, ile nyekundu itamuua. Stany akamuambia aende kwa Tata Kyungu: “Utakula vumbi, lakini hakuna mutu atakuambia umupitishe nani.” Mutoto alilia. Adolphine alituma bukari, ugali ya moto, mu sufuria. Mupya. Asema nisirudishe.

Nimemuapia Stany, na Mungu, na bwana yangu: mipango nimeacha. Kabisa kabisa. Stany akaitika, akalala na kikombe chini ya kichwa.

Siku ya ine, tarehe 18

Tren bado.

Chini ya hema ya pili kuna Tata Kalala, mutu wa heshima, balimufukuza pia. Ana kaka yake kule Kasai, Mbuji-Mayi, muchuruzi wa diamant, almasi, na huyu kaka ana ekipe! Pikipiki mupya, ingali mu sanduku yake! Si za mwaka jana! Atakayeipanda ni mutoto ya Tata Kalala, huyu hapa, Kalala mudogo, kijana mupole. Baba yake aliniambia kwa siri mutoto anaogopa hata kinga, baiskeli tu.

Nikamuambia mi nina mutoto anayekimbiza pikipiki, miaka makumi mbili na tisa. Tata Kalala akamuangalia Stany, amelala, kinywa wazi, mvi mu ndevu. Nikasema ni vumbi ya gare.

Halafu nikamulomba Kalala mudogo asimame anifikishie maji. Alisimama. Nilimupima na macho, mabega, shingo, kichwa. Baliumbwa siku moja na Stany! Mu kaske Mungu mwenyewe hatabajua.

Tata Kalala amefurahi. Nimemuambia: Stany amekubali.

Stany nitamuambia kesho. Ni neno moja tu.