Kadi ya Picha Imetulia Tuli

Alhamisi, 6 Machi
Shajara yangu, salamu nyingi. Hujambo? Mimi mwili mzima, ila nyumba imepoa. Mama watoto yuko ng'ambo kwa binti yetu, analea mjukuu. Miezi minne sasa. Jumapili tulipigiana simu ya video: nikaona kidevu, sikio na ukungu. Nikamlilia shemeji, kaka yake, fundi wa kompyuta. Akasema tatizo ni mtandao. Mtandao! Mbona kifaa chenyewe humo ndani ya kompyuta kinaitwa kadi ya picha? Picha mbaya, kadi dhaifu. Nimeamua kuipandisha kasi, ikimbie kuliko ilivyotoka kiwandani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeongeza kasi ya kadi kwa pointi mia. Kompyuta ikazima. Tisini. Ikazima, tena na harufu ya plastiki. Nimeivua kompyuta ubavu, nimeielekezea feni ya mezani. Mimi jasho, kadi inapepewa! Shemeji akacheka hadi akashika ukuta. Eti dada yake angeniona angeshikwa na wivu. Ila akaniachia programu ya kupimia: duara lenye manyoya linazunguka kwenye kioo. Akasema likienda nusu saa, kadi ikabaki thabiti, imefaulu.

Jumamosi, 8 Machi
Sabini. Nikawasha mtihani, nikapiga magoti, nikafumba macho. Nusu saa nzima ya sala! (Mwishoni nilisinzia. Bwana anajua.) Kufumbua macho, duara limetulia tuli. Halitikisiki hata unyoya mmoja. Huo ndio uthabiti! Haleluya! Nikamtumia shemeji ujumbe: imefaulu, wewe cheka tu. Kipanya nacho kiligoma kusogea, uchovu wa mtihani. Nikazima, nikawasha upya.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nikavaa shati la harusi ya binti. Viatu pia, ingawa miguu haionekani. Nikapiga simu ya video, mama watoto akatokea! Uso mzima, hadi kovu la utotoni kwenye nyusi. Akauliza mbona nimekonda, kisha akanyamaza, akanitazama. Miaka ishirini na sita ya ndoa, hajawahi kunisikiliza bila kunikatiza! Nikafunguka. Nikamwambia chai bado naipika ya vikombe viwili. Mto wake siugusi. Nikamwambia rudi. Dakika ishirini, hakupepesa jicho. Nikajua maneno yamemwingia.

Shemeji akaingia, akatazama kioo, akashika kiuno. Akasema, shemeji yangu, hiyo imeganda zamani, unaihubiria picha. Simu ya mkononi ikalia. Mama watoto, moto! Mbona nimemkatia hata hajamaliza salamu? Eti nilitaka kusema nini? Shemeji yuko pale, masikio kayatega. Nikajibu nilikuwa naulizia ufunguo wa kabati.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kasema niirudishe kadi ilivyokuwa. Thubutu! Alitaka thabiti, akapata thabiti. Kosa langu moja tu: sabini ni kidogo. Jumapili ijayo themanini na tano, na feni mbili.

Ila kompyuta sijaizima. Tangu jana yupo pale kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno. Asubuhi nimemwekea kikombe chake.

Mama watoto, yale niliyokuambia jana, ukipata nafasi, nijibu upesi.