Minyoo Katika Wiki ya Kaya Bora

Jumatatu, 6 Oktoba
Mtendaji wa mtaa ametangaza. Ijumaa bwana afya atapita nyumba kwa nyumba hapa Mtanda kuchagua kaya bora kwa usafi. Mwaka jana alishinda jirani yangu Abdala. Kibao cha bati kimepigiliwa juu ya mlango wake, na mlango wake unatazamana na wangu. Kila nikifungua mlango asubuhi, nasoma KAYA BORA kabla sijanawa uso.

Abdala ni Mmwera, mimi ni Mmakonde. Sisi ni watani, kwa hiyo kumkasirikia siruhusiwi. Leo alikuwa juu ya ngazi anakifuta kibao. Alisema anakifuta kwa ajili yangu, mtani wake, maana anajua ndicho kitabu pekee ninachosoma.

Nimeamua. Mwaka huu kibao kinahamia kwangu.

Mke wangu Devota anasema Benedicto, ambaye ana miaka minne, anajikuna makalio usiku kucha, na dada yake Happiness ameanza. Nikamwambia ni joto.

Jumanne, 7 Oktoba
Si joto. Devota amewapeleka zahanati. Muuguzi, Sista Scholastica, amesema ni minyoo, ile myembamba kama uzi mweupe. Usiku hutoka kutaga mayai kwenye njia ya haja kubwa. Mtoto anajikuna, mayai yanaingia kwenye kucha, kutoka kwenye kucha yanakwenda mdomoni, na safari inaanza upya. Wote nyumbani wameze dawa siku moja, hata asiyewashwa. Warudie baada ya wiki mbili. Kucha zikatwe, mashuka na nguo za ndani zifuliwe, mikono ioshwe kwa sabuni kila mtu atokapo chooni na kabla ya kula.

Nikauliza swali moja tu: nani alimwona pale zahanati. Devota akasema mke wa Abdala alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nikauliza naye alifuata nini. Devota akasema yeye si polisi.

Watoto wamemeza, Devota amemeza. Mimi nimekataa. Nina miaka arobaini na moja na nagombea kaya bora. Kiongozi wa kaya kama hiyo hana minyoo.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimetengeneza kibuyu chirizi karibu na choo. Dumu la lita tano limening'inia kwenye mti, kamba imeshuka hadi kijiti cha kukanyaga kwa mguu, na pembeni kuna sabuni mpya iliyotobolewa na kufungwa uzi. Kazi safi. Bwana afya ataipenda.

Kufika adhuhuri watoto walikuwa wamemaliza dumu mara mbili na sabuni imeshakuwa nyembamba kama kisigino cha ndala. Maji yenyewe ya shida msimu huu. Nikanunua sabuni nyingine na kuchora mstari wa chokaa chini. Hakuna mtoto kuuvuka mpaka Ijumaa jioni. Happiness, ambaye yuko darasa la kwanza na anauliza sana, akataka kujua wanawe wapi. Nikasema kwenye ndoo ya ndani. Akasema ndoo haina maji. Nikasema ndiyo hiyo hiyo.

Devota alifua mashuka yote na kuyaanika uani. Abdala akauliza kutoka upande wa pili wa ua kama kwetu kuna harusi au kuna aliyekojoa, maana mashuka sita siku ya Jumatano si kawaida ya Wamakonde. Nikamjibu kwamba sisi hufua kabla ya uchafu, hatungoji uje kama Wamwera. Alicheka. Kisha nikayaanua yote na kuyatundika chumbani, dirisha limefungwa. Devota alisimama mlangoni akayaangalia. Akasema, “Baba Happiness, mashuka yanataka jua.” Nikasema yatalipata Jumamosi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Siku ya kucha. Benedicto alipoona wembe alikimbia. Nilimkuta uani kwa Abdala, kwenye foleni ya watoto watano, Abdala amekaa kwenye kigoda na wembe wake. Mtoto wangu alikuwa ametulia kimya, amenyoosha vidole. Kwangu hajawahi kutulia hivyo.

Abdala akaniambia, bila kushusha sauti, kwamba watoto wake wana minyoo na nyumba nzima imemeza dawa, mpaka mama yake mzazi ambaye hana jino. Alisema kama mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mjukuu. Nikampa pole. Nikasema kwetu hatuna tatizo hilo. Akasema asante, na kwamba Benedicto ameshamweleza.

Nimefikiri mchana kutwa. Mtu amejitia kitanzi mwenyewe. Kazi iliyobaki ni ya mtu kuvuta kamba. Jioni nilimkuta bwana afya, Klementi, kwenye kijiwe cha kahawa. Nilimlipia kikombe. Nikasema sipendi maneno ya watu, ila kama raia mwema naona ajue kuna nyumba yenye minyoo, na ni ile yenye kibao. Klementi alinishukuru na kuandika kwenye daftari.

Ijumaa, 10 Oktoba
Klementi alifika saa nne na wajumbe wawili wa kamati. Watoto walisema shikamoo vizuri. Uwanja ulifagiwa mara tatu, choo kilinukia dawa. Mambo yalikwenda sawa hadi kwenye kibuyu chirizi.

Klementi alimwomba Benedicto amwonyeshe anavyonawa. Benedicto akatembea hadi kwenye mstari wa chokaa, akasimama. Klementi akamhimiza asogee. Benedicto akaeleza kwamba ile ni sabuni ya wageni, Baba amesema atakayeigusa atakiona. Klementi akaishika sabuni. Maandishi ya kiwandani yalikuwa yanasomeka yote. Akauliza kwa upole, basi mwanangu unanawia wapi? Benedicto akafuta viganja kwenye kaptula, mbele na nyuma.

Kisha chumbani, ambako mashuka yalikuwa yananuka kama samaki wa jana. Kisha akauliza kama kuna maradhi. Mimi nikasema hakuna. Devota, kwa wakati huohuo, akasema minyoo, dawa Jumanne, watatu wamemeza na baba amegoma. Klementi akaandika muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Nikawafuata kwa Abdala na kusimama kwenye ua. Chini ya kibuyu chake tope tupu. Sabuni yake imebaki kipande cha kufumbatwa ndani ya kiganja. Mashuka nje, hadharani, yameanikwa juani. Abdala akataja kwa majina kila aliyemeza dawa, na tarehe ya kurudia.

Klementi akawageukia watu waliokusanyika. Akasema jana kuna raia mwema alimweleza kuhusu minyoo ya nyumba hii, naye alikuja akitegemea kukuta imefichwa. Hakukuta kilichofichwa hapa. Aliposema “hapa” alikuwa ananitazama mimi.

Abdala ameshinda tena. Kibao cha pili kimepigiliwa chini ya kile cha kwanza.

Jumapili, 12 Oktoba
Abdala alikuja na sahani ya mihogo ya nazi kumfariji mtani wake. Alisema yuko tayari kuniazima kibao kimoja siku ambazo nina wageni kutoka Newala. Devota alicheka mpaka akakaa chini. Mihogo ilikuwa mizuri.

Nimepitia ushindani huu kwa akili iliyotulia. Sabuni: yangu mpya, yake imekwisha. Uwanja: wangu mkavu, wake tope. Mashuka: yangu yamesitiriwa. Kila kipengele nilimzidi. Kuna kitu kimoja tu alichokuwa nacho yeye na akakitaja kwa kujivunia, na mimi nikakikana.

Minyoo.

Jumanne, 21 Oktoba
Siku ya kurudia dawa. Watoto wanalala usiku kucha sasa, na Happiness ameacha kusinzia darasani. Mstari wa chokaa umefutika kwa maji na hakuna aliyeniomba niuchore tena. Devota alimeza wa kwanza, watoto wakafuata. Kisha akasimama mbele yangu na kikombe, akasema safari hii haondoki mpaka aone. Nikatia kidonge mdomoni, nikanywa maji, nikafungua kinywa. Aliridhika.

Kidonge kilikuwa kati ya shavu na fizi. Nimekitema nyuma ya choo. Katika nyumba hii lazima awepo mtu mmoja anayefikiria ukaguzi wa mwakani.

Tangu juzi usiku nimeanza kuwashwa. Sijamwambia mtu. Naona ni dalili njema.